Hombolo, Mvumi au Haubi? Kuchagua kijiji cha kupumzikia ukiwa Dodoma

Ijumaa jioni simama karibu na stesheni ya SGR hapa Dodoma, utaona ofisi nzima nzima zikipita na mabegi. Tangu Julai 2024 treni ilipoanza kubeba abiria mpaka huku, kwa nauli iliyoanzia shilingi 31,000 daraja la kawaida, watumishi wengi tuliohamia makao makuu tunafanya kazi Dodoma siku tano na kuishi Dar es Salaam siku mbili. Siwacheki. Nami nilikuwa humohumo kila wiki, mpaka Jumatatu moja nikaona nimerudi nimechoka kuliko nilivyoondoka: Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara, na katikati yake foleni.

Mume wangu ndiye aliyesema tujaribu upande wa pili. Kama kushuka pwani kunatuchosha, tuingie ndani.

Tumeingia mara nyingi tangu siku hiyo, na vijiji vitatu ndivyo tunavyovirudia. Hombolo, kaskazini mashariki mwa mji, penye bwawa na mizabibu. Mvumi, kusini mashariki, katikati ya Ugogo wa mibuyu na uwele. Na Haubi, juu kwenye milima ya Kondoa, kwa Warangi. Kila sikukuu ikikaribia simu yangu hailali: "Dada, sisi twende wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi navilinganisha hapa vyote vitatu. Upendeleo wangu sitauficha.

Najua kuna atakayeuliza Mpwapwa iko wapi. Mpwapwa ni pazuri na milima yake ya Kiboriani inavutia macho, ila ule ni mji wa wilaya wenye vyuo na soko lake. Aliyefuata kijiji ataishia kulala gesti na kutazama milima dirishani. Kongwa nayo ina historia nzito, kuanzia mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Hiyo ni safari ya kujifunza. Mimi nazungumzia safari ya kulala.

Anza na mwezi

Watu huniuliza kijiji gani. Mimi huwauliza mwezi gani. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Kwa hiyo kijiji kilekile ni vijiji viwili. Februari, Mvumi ni kijani mpaka unasahau kwamba hii ndiyo Dodoma: uwele umefika kiunoni, mibuyu imevaa majani, vyura wanakesha kwenye madimbwi. Rudi Septemba. Vumbi jekundu, mibuyu imebaki mifupa, na upepo wa mchana unakufungia mlango usoni. Picha zote nzuri unazotumiwa kwenye simu zimepigwa Februari.

Ila Februari ndio mwezi mgumu nyumbani kwa mkulima. Chakula cha mavuno yaliyopita kimekwisha au kinapimwa kwa kibaba, kipya bado kiko shambani, na nguvu zote za nyumba ziko kwenye palizi. Safari yetu ya kwanza Mvumi ilikuwa Februari. Tulikwenda watu watatu na mkate mmoja na soda. Tulikaribishwa kwa ugali na kuku, tukala, tukasifia. Usiku binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane, akaniuliza kwa nini watoto wa pale hawakula kuku. Nilijifanya nimelala.

Kwa hiyo ukinisikia nasema nenda masika, jua kwamba naongeza: nenda na unga wako, na mafuta, na sukari, na usingoje kuombwa.

Mei hadi Julai ndio wakati unaowafaa wote wawili, mgeni na mwenyeji. Mavuno yanaingia, nafaka inapurwa, watu wana muda wa kukaa na kuongea. Kasoro yake ni baridi. Juni na Julai alfajiri hapa mjini unavaa sweta. Haubi utavaa mawili na bado utaegemea mafiga. Agosti na Septemba ni miezi ya zabibu na ya vumbi, vinakuja pamoja huwezi kuchagua kimoja. Oktoba na Novemba joto limekomaa, kila mtu anatazama mawingu, na mimi siendi popote.

Jambo jingine la kalenda ni Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Mji unajaa, gesti zinapanda bei. Ukitoka Dar na mpango wa kulala mjini usiku mmoja kabla ya kwenda kijijini, weka nafasi mapema, la sivyo pitiliza siku hiyohiyo.

Hombolo

Kiserikali Hombolo ni jijini. Kata za Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu zimo ndani ya Jiji la Dodoma, jambo linalochekesha ukiwa umesimama pale katikati ya mbuzi. Ni kama kilomita 40. Unafuata barabara ya Morogoro, ukifika Ihumwa unakata kushoto. Daladala zipo. Kwa asiye na gari, au mwenye Jumapili moja tu mkononi, mjadala unaishia hapa: nenda Hombolo.

Bwawa lenyewe lilijengwa 1957, enzi za mkoloni, na miaka yote hii limekuwa likipokea tope la mito. Usitarajie ufukwe. Utakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndege wengi, na wavuvi wanaoshusha perege na kambale asubuhi. Ukinunua samaki pale pale na kumkabidhi mama wa mgahawa akukaangie, umeshapata sababu ya kwenda. Kuoga, hapana. Maji yaliyotuama ya mabwawa yetu yanajulikana kwa kichocho, na watoto wa mjini wakiona maji wanavua viatu kabla hujafungua mdomo.

Lakini sisi hatufuati bwawa. Tunafuata zabibu.

Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya masika yana shida zake, maana unyevu unaleta ubwiri, ule ukungu unaoshika majani na punje, na mkulima anapulizia dawa mvua inaosha. Ya kiangazi ndiyo matamu. Agosti mwaka jana tulifika jioni, tukalala, na saa kumi na mbili asubuhi mzee mwenye shamba akatugongea. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale tulipewa mkasi siku ya kwanza, kabla hata ya chai. Na mkasi wangu ulikuwa butu.

Kuvuna zabibu kuna adabu yake. Unashika kikonyo, hushiki punje. Shada unalilaza mkononi kama kichwa cha mtoto mchanga, unakata, unaliweka kwenye kreti bila kulirusha. Niliona punje zina weupeweupe kama zimepakwa unga, nikamwambia mzee, kwa sauti ya mtu anayejua mambo, kwamba shamba lake limeingiwa na ubwiri. Akacheka mpaka akakohoa. Akachukua punje moja, akaipangusa kwa kidole gumba, ikabaki nyeusi inang'aa. "Hii ni nguo yake, mwanangu. Ukiivua, mnunuzi anajua imeshikwashikwa." Ubwiri wenyewe alinionyesha kwenye mstari wa pembeni: punje zimepasuka, zimekakamaa, zina harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Hizo zinakatwa na kutupwa mbali, wala haziingii hata kwenye ndoo ya zilizopasuka kwa utamu, ambayo nyuki walikuwa wameshaifanya yao.

Saa nne jua likatufukuza sote. Mikono ilinata mpaka jioni, kwa sababu maji ya huku yana chumvichumvi na sabuni haitoi povu upendavyo.

Ukinunua zabibu, nunua pale shambani, lakini jua unachonunua. Sehemu kubwa ya zabibu za Dodoma ni za mvinyo: punje ndogo, mbegu nyingi, sukari ya kutosha. Anayetaka zile kubwa za sahani kwenye hoteli ataona kama amepunjwa. Hakupunjwa. Na bei usiivute sana chini. Kilio cha wakulima hawa ni cha soko, mwaka kreti zinagombaniwa, mwaka zinaozea shambani.

Ubaya wa Hombolo ni ukaribu wake. Kila aliye mjini ana wazo kama lako. Wikiendi za sikukuu watu wanakuja na spika zao, na sauti juu ya maji haina ukuta wa kuizuia. Wikiendi ya Nane Nane ina bahati yake, kwa kuwa mji mzima uko viwanja vya Nzuguni kutazama vipando na ng'ombe wa maonyesho, na Hombolo inapumua kidogo.

Mvumi

Mvumi iko wilaya ya Chamwino, kama kilomita 40 kutoka mjini. Hapa ndipo utaona Ugogo ulivyo: mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine bila kuanguka, mibuyu, njia za ng'ombe, na vumbi linaloingia mpaka kwenye begi lililofungwa zipu. Ndipo alipotawala Mtemi Mazengo wa Wagogo, na kuna misheni kongwe ya Waanglikana yenye hospitali na shule.

Hiyo hospitali nitaizungumzia sasa hivi, maana inabadilisha hesabu. Mama mkwe wangu ana presha. Tulipotaka kumchukua, mume wangu alisema Haubi na mimi nikasema Mvumi, na kwa mara moja nilishinda bila kugombana: ukiwa na mzee au mtoto mchanga, hospitali ya kutembelea kwa bodaboda dakika chache ina thamani kuliko mandhari. Mama alikaa siku tatu, hakuihitaji, lakini sisi tulilala usingizi.

Ukipita njiani salimia. "Mbukwenyi" itakufikisha mbali, hata kama Cigogo chako, yaani Kigogo, kinaishia hapo. Kwa wazee shikamoo inabaki shikamoo.

Mvumi unakwenda kwa ajili ya watu na chakula. Mambo ya kufanya ni machache na ndiyo raha yake. Jioni moja nilikaa jikoni na bibi mwenyeji wetu akipika mlenda. Majani yalikuwa yamekaushwa na kutwangwa tangu masika, yamekuwa unga wa kijani unaonukia kama nyasi kavu. Maji yalipochemka akatia magadi kwa ncha ya vidole viwili, akatia unga huku akikoroga kwa kijiti kilichochongwa panda mwishoni, akikipekecha katikati ya viganja. Kisha karanga zilizosagwa. Haikuzidi dakika kumi. Ugali ulikuwa wa uwele, wa kijivu, mzito, una harufu yake. Binti yangu alichota tonge akalivuta, na uzi wa mlenda ukamfuata kutoka bakulini hadi kidevuni na ukakataa kukatika. Bibi akamwonyesha: unazungusha mkono mara moja hewani, uzi unakatika wenyewe. Sasa hilo ndilo jambo analolisimulia shuleni, si zabibu wala bwawa.

Ukipenda ngoma, usiondoke eneo hili bila kuulizia. Wagogo wana muziki wao wa sauti nyingi, zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ambazo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizipeleka nchi za mbali, na muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana mapajani. Lakini ngoma haipigwi kwa sababu wewe umefika. Inapigwa kwa sababu kuna jambo: mavuno, jando, harusi. Kwa hiyo Juni na Julai una nafasi zaidi ya kuisikia usiku ikitoka kijiji cha pili, na kuisikia kwa mbali ukiwa kitandani kunatosha kabisa. Anayetaka ya kutazama akiwa amekaa kwenye kiti aulizie tamasha la muziki wa Cigogo linalofanyika Chamwino.

Utulivu wa Mvumi? Wa wastani. Misheni ina wanafunzi, wagonjwa na ndugu za wagonjwa, bodaboda, maduka. Ukitaka kimya, omba kulala vitongoji vya mbali kidogo na hospitali. Huko utaamshwa na jogoo na mashine ya kusaga tu.

Haubi

Sasa nimefika kwangu.

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160 za lami. Barabara hii ya kwenda Babati, kilomita 251 kwa ujumla, ilizinduliwa 2018, na kabla ya hapo Kondoa ilikuwa safari ya kuaga. Ukiacha lami unapanda milima kwa barabara ya udongo yenye kona nyingi, na hewa inabadilika dirishani kama mtu amefungua friji. Hesabu nusu siku na zaidi mpaka ufike, hasa kwa basi na kisha bodaboda. Hivyo Haubi haifai kwa Jumapili moja. Chini ya siku tatu usijisumbue.

Kilichopo ni ziwa dogo katikati ya vilima, linalojaa na kupungua kufuatana na miaka ya mvua, mashamba ya mahindi na alizeti, miwa mabondeni, kanisa katoliki la zamani, na kimya. Kimya chenyewe si cha kukosa sauti. Unasikia jembe la mtu aliye kilima cha pili.

Ila uzuri huu una umri mdogo kuliko unavyodhani. Milima hii ya Kondoa ilikuwa imekatika makorongo mpaka ikawa mfano wa nchi nzima wa ardhi iliyokufa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, na bado makorongo yakaendelea kula mashamba. Mwaka 1979 ikatoka amri ambayo wazee wa hapa hawajaisahau: mifugo yote iondoke. Eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Mzee mmoja alinisimulia akiwa amekaa juu ya ukingo wa korongo lililo nyuma ya nyumba yake. Alikuwa kijana wakati ule, akaswaga ng'ombe za baba yake kushuka nazo kwa ndugu wa nyanda za chini. "Baba hakulia," akasema. "Alinyamaza miaka miwili."

Korongo nililokuwa nimekanyaga ukingo wake ningelipita bila kulijua. Lina kina cha nyumba, lakini kuta zake zimeota nyasi mpaka chini, na sakafuni kuna miwa na migomba, kwa kuwa mchanga ule ule uliosombwa kutoka mlimani unatunza unyevu. Ng'ombe walirudi baadaye kwa masharti, wa kufungiwa bandani. Ndiyo maana Haubi asubuhi utaona watoto wakipita na mizigo ya majani vichwani, na hutaona makundi barabarani kama ya Ugogoni. Mgeni asiyejua habari hii anaona kijiji cha kijani tu. Mimi kila nikipita pale naangalia chini.

Kwa kuwa umeshafika, Kolo iko jirani kwenye barabara kuu, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Unaanzia kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, unapewa mwongozaji, kisha unapanda kwa miguu. Vaa viatu vyenye meno, malapa yatakutoa jasho bure. Utaona watu wembamba warefu wa rangi nyekundu ya udongo, vichwa vyao vikubwa kama wamefunga vilemba, na wanyama. Mahali panapoitwa Mungumi wenyeji bado wanapaheshimu kwa tambiko, kwa hiyo punguza sauti. Na ukimwona mtu anataka kumwagia maji mwamba ili rangi ing'ae kwenye picha, mzuie, hata kama ni shemeji yako.

Ubaya wa Haubi? Njia. Machi moja tulikodi gari dogo, mvua ikatukuta katikati ya mlima, tukazama mpaka mhimili. Vijana sita walitoka sijui wapi, wakakata matawi, wakatusukuma saa nzima, na matope yaliyowapiga usoni yalikuwa ya matairi yetu. Masika nenda na gari la juu, la sivyo liache gari Kondoa mjini. Maji ni ya ndoo, mtandao wa simu unakuja ukipanda kilima fulani na kuondoka ukishuka. Mume wangu anaita hilo ubaya. Mimi naliita sababu ya kwenda.

Ukiviweka pamoja

Kwa kulala, Hombolo ndiyo rahisi: kuna chuo cha serikali za mitaa pale, na penye chuo hapakosi gesti. Mvumi na Haubi unahitaji mwenyeji, au misheni. Misheni kongwe nyingi huwa na vyumba vya wageni, safi, vya bei ya wastani, lakini piga simu kwanza, maana wakiwa na semina wamejaa. Mwenyeji anapatikana kwa njia ya kawaida tu. Ulizia ofisini. Idara gani Dodoma isiyokuwa na Mgogo wa Mvumi au Mrangi wa Kondoa? Sisi wa Haubi tulimpata kupitia dereva wa ofisi, ni kwa shangazi yake.

Kwa gharama, nauli ndiyo inayotofautisha, chakula hakina tofauti kubwa. Hombolo unakwenda na kurudi kwa hela ya daladala. Haubi, ukijumlisha basi na bodaboda za mlimani kwa watu watatu, inakaribia kufuta ulichookoa kwa kutokwenda Dar.

Kwa watoto, wa kwangu anapiga kura Hombolo kwa sababu ya mkasi na samaki. Kwa wazee nimeshasema, Mvumi. Kwa wapenzi waliofunga ndoa juzi, Haubi, ila wajue kwamba milango ya kijijini inagongwa saa kumi na mbili na shangazi hana habari na fungate lao. Kwa mnywaji, Hombolo ina mvinyo na Ugogo una pombe ya mtama; Kolo na vijiji vingi vya Warangi ni vya Waislamu, nako mwezi wa Ramadhani uwe na adabu ya kula ndani. Kwa anayeandika kitabu au anayeuguza moyo, Haubi, Juni, wiki nzima.

Kuna mambo ambayo ni yaleyale popote uendapo. Ukifika, mwenyeji akupeleke kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, usaini kitabu cha wageni. Hawakukagui, mgeni anayelala bila kujulikana anampa mwenyeji wake maswali ukishaondoka. Piga picha baada ya kuomba. Pipi za kugawa njiani acha, zinafundisha watoto kukimbiza magari; kama una cha kutoa, mpe mama wa nyumba. Na malipo, kama umelala kwa mtu na si gesti, usiyaulize mezani. Utaambiwa "aah, mgeni wetu" na mtabaki mnatazamana. Sisi huwa tunanunua gunia la mahindi au mtama baada ya mavuno, bei zikiwa chini, tunaliacha hapo hapo ghalani kwa mwenyeji. Februari tukirudi, tunakula chakula chetu, na watoto wote wanakula kuku.

Agosti hii ni Hombolo. Binti ameshaomba kreti lake mwenyewe, na mkasi tumenunua mpya Majengo sokoni, tunakwenda nao.